Dema lenye mwanya: shajara ya ujenzi na majaribio ndani ya mwamba

Dema la kawaida la pwani ya Kenya, yaani mtego wa samaki wa kusukwa, halichagui. Tasi aliyekomaa, kitatange asiye na soko na kitoto cha pono wote wanaingia kwa mdomo mmoja na kupandishwa chomboni pamoja. Shajara hii inafuata kazi ya kulitia dema mwanya wa kutokea samaki wembamba na wachanga, bila kumpoteza samaki wa kuuza. Wazo lenyewe si jipya. Curaçao walijaribu mwanya wa upana wa sentimita 2.5 na matokeo yakachapishwa mwaka 2010, na hapa Kenya umeshajaribiwa mwanya wa sentimita 3 kwa 30. Hicho cha 3 kwa 30 ndicho kipimo cha kuanzia humu. Kinachobaki ni mambo ambayo kipimo peke yake hakiyasemi: mwanya ufungwe wapi, kwa chuma gani, chambo kikae upande gani, na dema litulie vipi chini lisivunje matumbawe.

Madema ya majaribio ni ya mianzi iliyochanwa, yamesukwa kwa jicho la pembe sita, urefu wa mita 1.4 hivi, upana wa mita 1.1, kimo cha sentimita 50. Maji ni ya ndani ya mwamba, yaani kati ya ufuko na ukingo wa matumbawe, mita 4 kwenye kupwa kwa bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida) hadi mita 8 kwenye kujaa, pamoja na tuta moja la nje kidogo lenye mita 10. Wazamiaji wa mtungi hushuka kutazama na kupima tu. Hawabebi mshale wala hawatoi samaki demani. Gharama imeandikwa kwa vipimo vya vifaa na saa za kazi, kwa sababu bei ya chuma na mianzi hubadilika kabla hujamaliza kusoma.

Jambo moja la kanuni kabla ya kuiga kazi hii: ndani ya mbuga za baharini kama Kisite hakuna kuvua kabisa, kwa zana yoyote. Kwenye maji ya akiba kama Mpunguti zana za jadi zinaruhusiwa, na dema ni mojawapo. Nje ya hapo, zungumza kwanza na BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuko, ya bandari yako.

5 Oktoba 2024. Kumpima samaki kabla ya kukata dema

Kazi ya kwanza ilifanyika ufukweni, kwenye mzani. Samaki anayejaribu kupita kwenye jicho la dema anazuiwa na kimo chake, yaani kutoka mgongoni hadi tumboni. Kitatange na kipepeo wana kimo kinachokaribia urefu wa mwili, kwa hiyo hata wakiwa wadogo wanabaki ndani. Ukipanua jicho ili hao watoke, tasi mwenye mwili mrefu anatoka kabla yao. Mwanya mrefu uliosimama unapima kitu kingine: unene, ubavu hadi ubavu. Kwa kipimo hicho kitatange mkubwa ni mwembamba, na tasi wa kuuza ni mnene. Ndiyo sababu mwanya unafaa pale ambapo jicho pana halifai.

Kipimo kilichotumika ni kipande cha plaiwudi kilichokatwa mianya mitano iliyosimama: sentimita 2, 2.5, 3, 3.5 na 4. Samaki anapitishwa kichwa mbele, mapezi yamelazwa kwa mkono, bila kusukumwa kwa nguvu. Andika aina, urefu, na mwanya mwembamba kabisa aliopita.

Mawili yanaharibu kipimo hiki. La kwanza ni samaki aliyekwisha kukakamaa au kulazwa kwenye barafu. Huyo hajibani tena, na anaonekana mnene kuliko alivyokuwa hai. Pima mara tu chombo kinapofika. La pili ni tumbo. Tasi aliyeshiba mwani amevimba, na asubuhi ya pili akiwa na njaa ndani ya dema huyo huyo anapita pale ambapo kwenye ubao alikwama. Kwa hiyo ukimwona samaki wa kuuza anapita kwa shida kwenye mwanya fulani ubaoni, mhesabu kuwa atatoka.

Matokeo: kwenye sentimita 4 tasi wengi wa kuuza wanapita. Kwenye 2.5 hata wachanga wengine wanakwama. Kwenye 3 wachanga wanapita, vitatange na vipepeo karibu wote wanapita, kangaja wadogo pia. Sentimita 3 ikathibitika kwa samaki wa maji haya. Mahali ambapo dema linategewa changu au chewa, ambao mwili wao ni wa mviringo zaidi, rudia kipimo chako mwenyewe.

Tahadhari kwa anayeshika tasi wakati wa kupima: ana miiba 13 mgongoni, 7 chini karibu na mkia, na mingine kwenye mapezi ya tumbo, yote ina sumu. Akikuchoma, tumbukiza kidonda kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, nyuzi 45 hivi, kwa nusu saa au zaidi, hadi maumivu yapungue.

19 Oktoba. Mwanya wa kukata moja kwa moja: haukufaa

Njia rahisi ni kukata fito kwenye ukuta wa dema na kuacha uwazi wa 3 kwa 30. Nusu saa ya kazi, gharama hakuna. Madema mawili yalikatwa hivyo na kutegwa.

Yalipotoka baharini wiki ya pili, mwanya ulikuwa sentimita 3 juu na chini lakini katikati umefika 4 na zaidi. Mianzi ikishalowa inalegea, na kila dema linapoburutwa kwenye ukingo wa mtumbwi fito hizo mbili zinasukumwa mbali. Tasi wa kuuza walitoka. Kingo za mwanzi zilikuwa na ncha kali pia, na magamba yalikutwa yamenata kwenye nyuzi: samaki anaingia nusu, miiba ya mgongo inakwama kwenye fundo, anajeruhiwa. Samaki anayetoka akiwa amechubuka ubavu mzima hajaokolewa.

Kuongeza kipande cha mwanzi mlalo katikati kuliushika mwanya usifunguke, lakini kuliugawa kuwa mianya miwili mifupi ya sentimita 15. Kitatange mwenye kimo kikubwa hapiti tena, na yeye ndiye aliyelengwa. Kilichohitajika ni fremu ngumu isiyo na kizuizi katikati.

3 Novemba. Bamvua na madema yanayotembea

Mwezi ulikuwa umeandama tarehe 1 na maji yakaenda kwa nguvu. Madema matatu hayakukutwa mahali pake. Mojawapo lilikuwa limesogea mita kumi na kitu kuelekea mlango wa mwamba, na njia lilikopita ilionekana wazi: matumbawe ya matawi yamekatika, ncha bado nyeupe.

Uzito uliokuwepo ni mawe ya ufukweni, mawili, yamefungwa katikati ya sakafu ya dema. Kasoro ni mbili. Jiwe la tumbawe lina vitundu tele, na likiingia majini linapoteza sehemu kubwa ya uzito. Tena, uzito wa katikati unaacha pembe zinyanyuke: mkondo unaingia chini ya pembe moja, dema linainama, linaruka, linatua, linaruka tena. (Wapo wanaovunja tumbawe hai kupata jiwe la dema. Hapo faida yote ya mwanya imeshapotea.)

Suluhisho limefanya kazi tangu siku hiyo. Zege la saruji 1, mchanga 2, kokoto 3, limiminwe kwenye kopo tupu la rangi la lita 1. Kila kopo linatoa tofali la mviringo la kilo 2.4 hivi nchi kavu, na kilo 1.4 hivi likiwa majini. Manne kwa dema, moja kila pembe, upande wa ndani, yakigusa sakafu. Kitanzi cha kufungia kiwe cha kamba iliyozamishwa kwenye zege likiwa bichi. Kitanzi cha chuma kinashika kutu, kutu inavimba, na tofali linapasuka. Liache zege siku saba kwenye kivuli chini ya gunia bichi kabla ya kulipeleka baharini.

Uzito wa jumla chomboni ni karibu kilo 10, na mtu mmoja bado anaweza kuinua. Kwenye tuta la nje yameongezwa matofali mawili.

Dema jipya la mianzi mikavu lina shida yake: linaelea. Hata likiwa na matofali manne, siku ya kwanza linasimama chini kama puto na mkondo mdogo unaliondoa. Lilowekwe kwanza kwenye maji ya magoti, limekandamizwa, hadi mapovu yaishe kutoka kwenye fito.

10 Novemba. Kushuka kutazama

Maji mafu, mwezi robo, mkondo umelala. Hizi ndizo siku za wazamiaji. Kwenye bamvua uchafu unafunika kila kitu na mzamiaji anamaliza hewa kwa kupambana na mkondo.

Hesabu ya hewa iliyotumika kupanga kazi: mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 una lita 2,400. Ukiacha baa 50 za akiba, zinabaki lita 1,800. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika juu ya maji anavuta mara mbili yake kwenye mita 10, yaani 40. Hiyo ni dakika 45. Madema ya kina kirefu yanatazamwa kwanza, yale ya kina kifupi baadaye, na hakuna kupanda na kushuka kila dema. Kupanda juu ni polepole, mita 9 kwa dakika au chini ya hapo, na dakika tatu za kusimama kwenye mita 5.

Mzamiaji akikaribia, samaki wanajikunja pembeni na kila alichoandika baada ya hapo ni tabia ya samaki aliyeogopa. Kilichosaidia ni kamera ndogo ya majini iliyofungwa kwenye tofali moja la ziada, ikawekwa mita moja na nusu kutoka pembe ya dema, kisha wazamiaji wakaondoka kabisa.

Picha zilionyesha mambo ambayo kwenye chombo hayaonekani. Samaki aliyenaswa hatafuti tundu. Anazunguka akifuata ukuta, upande mmoja, na kwenye pembe anasita na kugeuka. Mwanya uliokuwa katikati ya ukuta wa nyuma alipita mbele yake tena na tena bila kuuona. Waliotoka kwa hiari ni wale waliofika pembeni wakasita. Kundi kubwa lilitoka kwa ghafla, chewa alipopita nje. Na vitatange hawakuwa wafungwa hata kidogo: walitoka na kuingia kwa mwanya huo huo, wakija kula chambo na kuondoka. Hilo la mwisho ni hasara, kwa sababu chambo kinaliwa na wasionaswa.

Mwanya mmoja ulikuwa umelazwa mlalo chini ya ukuta, kwa kujaribu. Hakuna aliyeutumia. Samaki mwenye mwili wa bapa anaogelea amesimama wima, na hawezi kulala ubavu ili apite.

24 Novemba. Fremu ya chuma

Chuma duara cha milimita 6, kilichopakwa zinki. Kalibu ni ubao mgumu uliopigwa randa hadi unene wa sentimita 3 kamili, urefu wa 30. Chuma kinakunjwa kuuzunguka ubao huo. Mzunguko ni sentimita 66, ongeza 6 za kupishana ncha, jumla 72. Fimbo moja ya mita 6 inatoa fremu nane na kipande kidogo kinabaki.

Fremu za kwanza zilichomelewa. Moto wa kuchomelea unaunguza zinki, na baada ya majuma machache kila kiungo kilikuwa na kutu nyekundu wakati sehemu nyingine bado safi. Moja ilikatika mkononi. Fremu zilizofuata hazikuchomelewa: ncha mbili zinapishana kwenye upande mfupi wa juu, zinafungwa kwa waya laini wa nondo mizunguko minane, kisha kitambaa chembamba kilicholowekwa rangi ya mafuta kinazungushwa juu yake. Zinashika kutu pia, lakini polepole na sawasawa.

Kunja pembe kwa kugonga kidogo kidogo. Chuma kikikunjwa kwa pigo moja, pembe inatoka nje kama goti na upana wa juu unakuwa 3.5. Pima juu, katikati na chini kwa kutumia ubao ule ule wa kalibu: uingie bila kulazimishwa na usichezecheze.

Kufunga fremu kwenye dema: fito za kusimama pande zote mbili zikazwe kwenye chuma kwa uzi wa nailoni, fundo kila sentimita 5, na mafundo yote yakae nje. Fundo la ndani linashika miiba ya tasi. Kwa dema moja lenye fremu mbili, kazi ya kukunja na kufunga ni saa mbili kwa mtu aliyeizoea, na karibu siku nzima kwa anayeanza. Anza na dema bovu.

8 Desemba. Pembe za nyuma

Kutokana na picha za Novemba, fremu mbili zilihamishiwa pembe mbili za nyuma, mkabala na mdomo, karibu na pembe kiasi cha vidole viwili tu. Ncha ya chini ya mwanya inaanzia sentimita 5 juu ya sakafu. Ikigusa sakafu kabisa, mchanga na majani ya bahari vinaijaza. Ikiwa juu sana, samaki wa chini kama mkundaji anapita chini yake bila kuiona. Tena dema linapoinuliwa, samaki wote wanajibana chini na nyuma, na hapo ndipo wachanga wengi wanapotoka: njiani kuja juu, kwenye mita chache za mwisho. Mwenye kuvuta kwa haraka anawanyima nafasi hiyo. Vuta kwa mwendo mmoja usio wa pupa, na dema likifika chini ya uso wa maji liache lining'inie kwa pumzi tatu nne kabla ya kulipandisha.

Chambo nacho kilihama. Mwani na konokono wa mikokoni waliopondwa walikuwa wakimwagwa sakafuni. Sasa wanafungwa kwenye mfuko wa wavu, unaning'inizwa chini ya dari, theluthi moja ya njia kutoka kooni, yaani njia nyembamba ya ndani ya mdomo wa dema. Vitatange wanaingia kwa nyuma bado, lakini wengi hawafiki mbele. Ukiweka mfuko karibu na mwanya, unalisha samaki walio nje.

Mdomo uelekee upande maji yanakokwenda. Harufu ya chambo inachukuliwa na mkondo, samaki anaifuata kinyume cha mkondo, na anapofika akute mdomo. Ndani ya mwamba mkondo unageuka kila baada ya saa sita hivi, kwa hiyo chagua: tasi anakula mchana, basi elekeza kwa mkondo ule utakaokuwepo saa za mchana katika siku hizo.

18 Desemba. Kamba na boya

Siku tatu baada ya mwezi mpevu, kwenye kupwa, kamba tatu zilikutwa zimejizungusha kwenye vichwa vya matumbawe. Ni hesabu tu. Maji yakijaa ni mita 8, yakipwa ni 4. Kamba ya mita 10 inayotosha kwenye kujaa ina mita 6 zilizolegea kwenye kupwa, na kamba inayozama inalala chini ikifagia matumbawe kila mkondo unapogeuka. Kamba yote ikiwa ya kuelea, ule ulegevu unakaa juu na panga ya injini inaukata.

Dawa yake ni kuunganisha mbili. Mita 5 za chini, kutoka demani, ni za polipropilini inayoelea, ili zisimame mbali na matumbawe. Mita 5 za juu ni za nailoni, ambayo inazama, ili ulegevu usielee juu. Kiungo kiwe cha kusokota nyuzi, au fundo la mvuvi lililobanwa kwa uzi. Boya ni dumu la lita 5 lenye kifuniko kilichokazwa na alama ya mwenye dema kwa rangi.

Wapo wasiotia boya kwa kuogopa wezi, wakitegemea alama za nchi kavu. Inaeleweka. Lakini dema lisilo na boya likisogea limepotea, na linaendelea kuvua peke yake.

Kwa wazamiaji: kila mmoja awe na kisu au mkasi wa kamba unaofikiwa kwa mkono wowote. Wakati dema linainuliwa, hakuna mtu majini chini yake. Na usitie mkono demani ati kumsaidia samaki. Mkunga, samaki wa umbo la nyoka anayeuma, anapenda dema kuliko wewe.

7 Januari 2025. Mlango wa katani

Dema lililopotea lenye mianya miwili linaachilia wachanga, lakini wakubwa wanabaki humo hadi wafe, nao wanakuwa chambo cha wengine. Mianzi itaoza, ila inachukua muda. Kwa hiyo ukuta mmoja wa upande una kidirisha kinachofungwa kwa uzi wa mmea peke yake. Uzi ukioza, kidirisha kinaanguka. Kiwe kikubwa angalau kama koo la dema, la sivyo samaki mkubwa aliyeingia kwa koo hapati pa kutokea.

Uzi mwembamba wa katani ulikatika mapema kwa sababu isiyohusu kuoza: ulisagwa na ukingo wa mwanzi kila dema lilipopandishwa. Kamba nene ya katani ya milimita 6 ilikuwa na shida ya kinyume, wiki zikapita na bado ngumu. Kilichofaa ni uzi wa milimita 3 usiotiwa dawa wala rangi, ukizungushwa mara mbili tu, na mahali unapopita mwanzi pamesuguliwa kwa msasa. Nyuzi za kupimia zilitundikwa majini pembeni, moja ikivutwa kwa mkono kila wiki. Dhaifu kabisa ilipatikana wiki ya tano. Basi uzi unabadilishwa kila wiki ya tatu, uwe mzima au la. Kidirisha kikiwa na bawaba za nailoni juu na katani chini, kinaning'inia kikifunguka na unaweza kukitumia tena.

Angalia mtu asiufunge kwa nailoni "kwa muda tu" uzi ukikatika baharini. Beba akiba ya katani kwenye mtumbwi.

1 Februari. Mahali pa kutua

Bamvua la mwezi mwandamo wa tarehe 29 lilipita na hakuna dema lililosogea zaidi ya hatua moja. Matofali yanatosha kwa kaskazi.

Lililobaki ni mahali. Dema likishushwa kutoka juu bila kutazama linaangukia lolote. Mtu mmoja mwenye miwani na mrija atazame kwanza. Ndani ya mwamba hakuna haja ya mtungi kwa kazi hii. Tafuta mchanga au vifusi vya matumbawe yaliyokufa, mita mbili tatu kutoka kwenye kichwa cha tumbawe hai. Samaki anatembea kati ya tumbawe na majani ya bahari, na dema lililo njiani linapata zaidi ya lililokaa juu ya tumbawe lenyewe. Kwenye majani marefu, fyeka kwa mkono sehemu ya mdomo tu, using'oe. Majani yakiziba mianya ya nyuma, geuza dema.

22 Februari. Gharama ambayo haimo kwenye orodha ya vifaa

Hesabu ya vifaa kwa dema moja ni nyepesi: robo ya fimbo ya chuma, waya na uzi kidogo, kopo nne za zege, mita 10 za kamba, dumu. Gharama kubwa ni kitoweo. Wale wadogo wanaotoka kwa mwanya ndio waliokuwa wakipelekwa nyumbani, kwa sababu wakubwa wanauzwa. Mvuvi mwenye dema lenye mwanya anafika ufukweni na samaki wa soko wale wale, wakubwa kidogo, lakini fungu la jikoni limepungua. Anayemwelezea mwenzake mradi huu bila kulisema hilo anamdanganya.

Ndiyo sababu baadhi ya mianya ilikutwa imefungwa kwa kamba. Kukemea hakusaidii. Lililosaidia ni kuanza na nusu ya madema ya kila mtu, tena yale ya maji ya nje ambako wadogo ni wachache tangu mwanzo. Wengine waliomba mwanya wa 2.5 badala ya 3. Kwa anayetegemea pono wa majani ya bahari ni ombi la haki: pono ni wa mviringo, na tofauti ya nusu sentimita inambakiza yule wa kati. Vitatange wengi bado wanapita kwenye 2.5. Fremu ni zile zile, ila kalibu nyingine.

Kitu kimoja hakibadiliki kwa mwanya wa aina yoyote: pweza. Anaingia anakotaka, anakula, anatoka anakotaka.

9 Machi. Ukarabati kabla ya kusi

Fremu zilizokaa baharini tangu Desemba zimeota ukoko na viumbe vidogo vya maganda. Ubao wa kalibu haukuingia kwenye zaidi ya nusu yake. Kwenye mojawapo sentimita 3 zilikuwa zimebaki 2.4, na dema hilo lilikuwa limerudi kunasa vitatange bila yeyote kuelewa kwa nini. Ukoko ukwanguliwe kwa mgongo wa kisu kila juma, dakika mbili kwa fremu, dema likiwa mtumbwini. Ubao wa kalibu ukae chomboni daima, umefungwa kamba usianguke.

Zege ni zima. Kamba za nailoni ni nzima. Polipropilini imeanza kuchanika nyuzi juu ya kiungo, itakatwa nusu mita na kuunganishwa upya. Fremu mbili zilizochomelewa zimetupwa.

Madema ya tuta la nje yanapandishwa kabla upepo haujageuka, yanakaushwa juu ya vigingi, si kwenye mchanga wenye mchwa, na fremu zinapakwa rangi. Ya ndani ya mwamba yataendelea wakati wa kusi yakiwa na matofali sita badala ya manne. Jaribio linalofuata ni la fremu za bomba la plastiki lililojazwa zege, ambazo hazina kutu. Hofu ni unene wake, kwa kuwa bomba la nusu inchi linafanya mwanya uwe kama korido fupi, na huenda samaki akasita kuingia. Kamera itawekwa kwanza kwenye dema moja la ndani, siku za maji mafu.